Safu Isiyo na Jina

Bi Irmtraud Kessel hakitaki kipanya.
Amekisogeza hadi ukingoni mwa meza,
karibu na kikombe cha chai ya mnanaa,
kama mlaji asogezavyo mwiba wa samaki.
Ijumaa anastaafu.

Nje ni Wuppertal, mvua ya Novemba;
treni inapita ikining'inia juu ya mto,
matumbo ya mabehewa yamelowa.
Ndani, ghorofa ya tatu ya mfuko wa pensheni,
nina miaka ishirini na sita
na dirisha jipya la kumwonyesha.

"Tazama," namwambia, "weusi na kijani basi tena.
Faili lote la kompyuta kuu limekuja mezani:
jina na safu yake, tarehe na safu yake,
malipo yameegemea kulia, senti chini ya senti.
Unabofya, unasahihisha, unahifadhi.
Ukikosea, unatengua."

"Kutengua," anasema.
"Miaka thelathini na minne
hiyo sikuwahi kupewa."

Vidole vyake vinajua: kitufe cha saba juu, cha nane chini.
Kwa hivyo viwili alivinjari watu laki nne,
mistari ishirini na minne kwa pumzi moja,
na aliyemtafuta alimhisi kabla hajamfikia,
kama mtu na ngazi za nyumba yake gizani.

Basi nikaringa kidogo.
Nikamwonyesha mkia wa rekodi,
herufi thelathini ambazo kiolezo
kinaziita kijazio, basi.
"Hizi nimezificha. Kesho nazifuta,
amri moja tu: badilisha zote.
Mistari elfu arobaini na moja, kufumba na kufumbua."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu.
"Zifungue. Mbichi. Nataka namba zenyewe."

40 40 40 40 40 40
Arobaini, arobaini, arobaini:
ndivyo mashine ile inavyotamka utupu.
"Unaona? Hamna kitu."
"Teremka."

40 40 40
D5 E4 D9

Akasoma papo hapo, kwa sauti,
nami bado natafuta kitufe cha kutafsiri:
*Mchana tu. Sikio la kulia.*

Ni Bwana Ottokar Brinkschulte, mfumaji wa riboni,
sikio la kushoto aliliacha kwenye kelele za kiwanda,
na simu ya asubuhi hakuipokea
kwa kuwa asubuhi alikuwa akimwogesha mkewe.
"Fomu iliuliza ndoa," anasema Bi Kessel,
"iliuliza mshahara. Sikio haikuuliza.
Tukaandika palipobaki."

Teremka.
*Usimtaje mwanawe.*
Teremka.
*Husoma polepole. Ngoja.*
Arobaini, arobaini, kurasa nzima za arobaini,
kisha:
*Atalia. Mwache.*

Wengi wao, safu ya hali imeandikwa tisa,
na tisa maana yake hakuna tena wa kulipwa.
Mshale wangu ulikuwa umening'inia
juu ya lile neno, badilisha,
na mkono wangu, sijui kwa nini, ulikuwa wa baridi.
Nikafunga kisanduku.

Kwenye kiolezo, palipokuwa na kijazio,
kistari kiliwaka, kikazima, kikawaka.
"Tuiiteje?" nikauliza.

Akakivuta kipanya.
Alikishika kwa vidole viwili
kama kwamba kingeweza kuuma,
akabofya mara moja zaidi ya ilivyotakiwa.
Akaandika neno, akalifuta.
Akaandika lingine, refu; akalitazama; akalitengua,
na hapo akacheka, kicheko kifupi cha puani.

Saa kumi na moja kasoro. Chai imepoa.
"Jina litakuja," akasema.
"Kwanza ipanue hiyo safu.
Maneno yao yanakatika."